Nani Anayempa Mwanasesere Uhai?

Mwaka 1977 kilichapishwa nchini Marekani kitabu cha picha za vita kinachoitwa Hitler Moves East. Kinasimulia uvamizi wa jeshi la Ujerumani katika Umoja wa Kisovieti kuanzia 1941 hadi 1943. Picha zake zina rangi ya hudhurungi na zimejaa moshi, theluji na giza. Askari mmoja amerushwa juu na mlipuko, miguu imeachana na ardhi. Kwingine watu wanasonga mbele ndani ya ukungu, wameinamisha vichwa. Anayekifungua kitabu hiki bila kuambiwa chochote huanza kuwahurumia waliomo, au kuwaogopa.

Hakuna aliyekufa. Hakuna hata mtu mmoja aliyesimama mbele ya kamera. Mpiga picha, David Levinthal, alizaliwa San Francisco mwaka 1949, miaka minne baada ya vita hivyo kwisha, na wote wanaoonekana humo ni askari wa plastiki wa kuchezea watoto. Aliwapanga kwa mkono wake, akawasogelea na lenzi, akawapiga picha. Mwenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, mchora katuni Garry Trudeau, ndiye aliyeshirikiana naye kukitengeneza kitabu.

Mtazamaji akishaelezwa hayo, hurudi kwenye ukurasa ule ule na kuuangalia upya, na huruma yake haiishi mara moja. Anajua ni plastiki, lakini moyo ulikwisha kutangulia. Basi kile kilichomtisha kilikuwa wapi? Hakikuwa ndani ya kile kipande cha plastiki, kwa kuwa kipande hicho kikiwekwa mezani mchana kweupe hakimtishi mtu. Wala hakikuwa ndani ya kamera, ambayo haijui mtu ni nini na mwanasesere ni nini. Swali hili ni la zamani kuliko kamera, na dini na falsafa zimelihangaikia kwa karne nyingi kwa sura mbalimbali: mwanadamu anapotengeneza umbo dogo lililo mfano wa kiumbe hai, ni nani anayelipa uhai, na mwenye kulitengeneza anawajibika kwa lipi?

Kwanza kuna ufundi wenyewe, maana bila kuuelewa mtu hawezi kuona swali limekaa wapi. Lenzi inapokisogelea kitu kidogo, eneo linaloonekana wazi huwa jembamba sana. Pua ya mwanasesere iko kwenye fokasi, masikio yake tayari yamefifia. Macho yetu yamezoea dalili hiyo na huisoma bila kufikiri: mandhari iliyofifia mbele na nyuma maana yake ni kwamba kinachotazamwa ni kidogo. Mpiga picha wa Italia, Olivo Barbieri, aliitumia dalili hiyo kinyume. Katika miaka ya 2000 alipiga picha za miji halisi, Roma ikiwemo, kutoka kwenye helikopta, huku akiacha ukanda mwembamba tu uwe wazi. Magari ya kweli na watu wa kweli wakaonekana kama vitu vya kuchezea vilivyopangwa juu ya meza.

Kwa sababu hiyo wapiga picha wengi wa wanasesere hupigana na ukungu huo. Hubana tundu la lenzi ili eneo lililo wazi liwe pana, na hushusha kamera mpaka iwe sawa na macho ya mwanasesere, kwa kuwa binadamu mzima hatazamwi kutoka juu kama mdudu. Levinthal hakupigana nao. Aliuacha ukungu utawale, na badala ya kumfichua ukamsaidia, kwa kuwa watazamaji wake walikwisha kuonyeshwa vita kwa namna hiyo. Picha chache zilizosalia kati ya zile alizopiga Robert Capa katika ufukwe wa Omaha, Normandy, tarehe 6 Juni 1944, zimetikisika na hazina ukali, na dunia nzima imezipokea kama ushahidi wa jinsi vita vinavyoonekana. Levinthal hakuiga vita. Aliiga kumbukumbu ya vita iliyomo vichwani mwa watu ambao hawakuwahi kufika vitani, na kumbukumbu hiyo nayo ilijengwa kwa picha.

Plato angelisema alikwisha kuonya. Katika kitabu cha saba cha Jamhuri, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, anaeleza wafungwa waliofungwa minyororo pangoni tangu utotoni, nyuso zao zimeelekezwa ukutani. Nyuma yao unawaka moto, na kati ya moto na wafungwa kuna ukuta mfupi ambao nyuma yake watu wanapita wakiwa wamebeba sanamu za watu na wanyama zilizochongwa kwa mawe na mbao. Wafungwa huona vivuli vya sanamu hizo tu, na hudhani ndiyo dunia. Kila mwanafunzi wa falsafa husomeshwa habari za wafungwa, na za yule mmoja anayefunguliwa na kutoka nje kwenye jua. Wabebaji wa sanamu hupitwa haraka. Plato mwenyewe anasema kidogo tu juu yao, kwamba wengine huzungumza na wengine hukaa kimya. Hatuambiwi ni akina nani, wanalipwa na nani, wala kama wanajua kuwa upande wa pili kuna watu wanaoamini.

Mpiga picha wa wanasesere ni mmoja wa wabebaji hao. Ana umbo dogo mkononi, ana mwanga nyuma yake, na ana mtu upande wa pili ambaye hawezi kujizuia kuamini, walau kwa nukta moja. Inafaa aulizwe kile ambacho Plato hakuwauliza wale wa pangoni.

Kwa Waislamu suala hili halikuhitaji kupitia Ugiriki. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imepokewa kwamba watengenezaji wa picha na sanamu wataamrishwa Siku ya Kiyama wavipe uhai walivyoviumba, na hawataweza. Onyo hilo ni kali, na limewafanya mafundi wengi wa Kiislamu waelekeze vipaji vyao kwenye maandishi, maua na michoro ya kijiometri. Lakini katika vitabu hivyo hivyo viwili imo pia habari ya Bibi Aisha akicheza na wanasesere wake pamoja na wenzake. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoingia, wale wasichana walijificha kwa haya, naye akawarejesha kwake waendelee kucheza. Na katika Sunan ya Abu Dawud kuna simulizi iliyo nzuri zaidi. Mtume amerudi safarini, ama kutoka Tabuk ama Khaybar, maana msimulizi mwenyewe alitia shaka. Upepo ukafunua pazia, wanasesere wakaonekana, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akauliza ni nini kile. Bibi Aisha akamwambia ni farasi. Akauliza, farasi mwenye mbawa? Bibi Aisha akamkumbusha kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Wanazuoni walilazimika kuyaweka pamoja mambo haya mawili. Al-Qadi Iyadh, mwanachuoni wa karne ya 12, aliwatoa wanasesere wa watoto katika katazo la sanamu, kwa hoja kwamba wanawazoesha wasichana malezi na kazi za nyumbani, na Imam Nawawi akayanukuu maoni yake. Wengine walisema ruhusa hiyo ilikuwa ya mwanzo na ikafutwa baadaye. Kamera ilipofika, mjadala ukafunguliwa upya. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala akitetea kwamba kupiga picha si kuumba. Kwa maoni yake kamera hukizuia tu kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, kama kioo kinavyofanya, isipokuwa kivuli hiki hakiondoki. Sheikh Ibn Baz wa Saudia hakukubaliana na mtazamo huo, akaona picha za viumbe wenye roho zimo katika katazo, ila pale penye dharura.

Picha ya mwanasesere haitulii ndani ya hoja yoyote kati ya hizo. Utetezi wa Iyadh unamhusu mtoto na mchezo wake, na Levinthal si mtoto. Utetezi wa Bakhit unahusu kivuli cha kiumbe wa Mungu, na hapa kivuli ni cha kitu kilichotoka kiwandani. Ruhusa zote mbili ziko karibu lakini hakuna inayoifunika picha hiyo. Simulizi ya farasi haikutolewa iwe fatwa ya kamera, wala haifai kulazimishwa iwe hivyo. Hata hivyo inatufundisha jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Yule farasi alikuwa na matambara mawili, na hakuna aliyedai kwamba anaruka. Kilichomtofautisha na farasi wa kawaida ni hadithi aliyoijua msichana mwenye kumchezea, naye alipoulizwa aliitoa mara moja. Uhai wa mwanasesere ulikuwa katika maelezo ya Bibi Aisha.

Wakristo wana tukio lao linaloelekea huko huko. Krismasi ya mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye nyasi, ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waione kwa macho hali aliyozaliwa nayo Yesu. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha ya Fransisko miaka michache baadaye, anasimulia kwamba mtu mmoja pale alimwona mtoto amelala horini kama asiye na uhai, na Fransisko alipomkaribia mtoto akaamka. Tomaso haishii kwenye muujiza. Anaufafanua kwa kusema kwamba mtoto huyo alikuwa amesahauliwa katika mioyo ya wengi, na humo ndimo alimoamshwa. Kwa karne nyingi baada ya hapo Wakristo wameupanga usiku huo kwa sanamu ndogo za udongo, mbao na nta. Anayelipanga pango la Noeli parokiani hafikirii kwamba ameumba mtu. Anamsaidia jirani yake kukumbuka.

Ikiwa uhai unatoka kwa mwenye kutazama, basi mtu anaweza kuuelekeza kwake mwenyewe ili apone. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mark Hogancamp.

Usiku wa tarehe 8 Aprili 2000, nje ya baa moja katika mji wa Kingston, jimbo la New York, watu watano walimshambulia Hogancamp baada ya kuwaambia kwamba hupenda kuvaa mavazi ya kike. Walimpiga mateke kichwani mpaka akapoteza fahamu kwa siku tisa. Alipozinduka, sehemu kubwa ya maisha yake ya nyuma ilikuwa imefutika. Alijifunza upya kutembea, kula na kuandika. Zamani alikuwa mchoraji mzuri, lakini sasa mikono ilitetemeka na kalamu haikumtii. Matibabu ya kumrejesha yalikatika kwa kukosa pesa.

Akaanza kujenga mji uani kwake. Aliuita Marwencol, akauweka nchini Ubelgiji wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kuujaza wanasesere ambao kila mmoja ni moja ya sita ya urefu wa binadamu. Mmoja wao ni yeye mwenyewe, kapteni wa ndege ya Marekani. Wengine ni majirani zake, rafiki zake na mama yake, na wote aliwapa sura na hulka za watu anaowafahamu. Hakuweza kuchora tena, lakini kamera kuukuu aliweza kuishika. Alikuwa akitembea kando ya barabara akiburuta gari dogo la jeshi ili magurudumu yake yachakae kwa kokoto za kweli, na ndivyo mpiga picha mmoja aliyeishi jirani alivyomwona na kumuuliza anafanya nini. Picha zake zikachapishwa katika jarida la Esopus, zikaonyeshwa New York mwaka 2006, na mwaka 2010 Jeff Malmberg akatoa filamu ya hali halisi juu yake.

Ndani ya Marwencol wamo pia maadui, askari wa SS wa Kinazi. Wanamteka kapteni, wanampiga na kumtesa, na wanawake wa mji wanakuja kumwokoa na kuwaua. Hogancamp aliipanga hadithi hiyo picha kwa picha. Alikuwa akiurudia usiku wa Kingston, safari hii akiwa na watu wa kumtetea. Je, aliyewaua wabaya wake kwa plastiki ana hatia ya damu? Dini zinazopima tendo kwa nia haziwezi kulipuuza swali hili, maana ghadhabu ilikuwa ya kweli. Lakini ghadhabu hiyo ilikuwemo ndani yake tayari kabla ya kumpanga askari hata mmoja. Wanasesere waliichukua, wakaipa mahali pa kukaa ambapo haikumdhuru mtu, na kamera ikampa picha ambayo angeweza kuitazama asubuhi iliyofuata akiwa ametulia kidogo. Huyu ni mbebaji wa sanamu ambaye pia ni mfungwa wa pango lake, na akajifungua kwa vivuli vyake mwenyewe. Plato hakumfikiria mtu wa namna hiyo.

Hali hubadilika pale mateso yanayopangwa mezani yanapokuwa ya watu wengine. Mwaka 1996 msanii wa Poland, Zbigniew Libera, alitengeneza masanduku saba yaliyofanana kabisa na yale yanayouzwa na kampuni ya LEGO, na juu ya kila moja kuna picha safi ya kile ambacho mtoto angejenga: kambi ya mateso ya Wanazi, yenye uzio, mabweni, walinzi na mifupa. Matofali aliyapata kwa kampuni yenyewe, ambayo baadaye ilisema haikujua anayakusudia nini. Mwaka 1997 aliombwa asiipeleke kazi hiyo katika maonyesho ya Venice, akajitoa. Mwaka 2002 Jumba la Makumbusho la Wayahudi la New York liliionyesha, na baadhi ya walionusurika kambini walipinga kwa uchungu.

Uchungu wao una haki, na hauondolewi na hoja kwamba sanaa ina uhuru. Mtu aliyempoteza mama yake Auschwitz hana deni la kuvumilia kuiona kambi ikiwa kwenye sanduku la watoto. Hata hivyo kuna ukweli mwingine ambao picha hizi zinauweka mbele ya macho. Katika miaka ya 1930 kampuni za Elastolin na Lineol nchini Ujerumani zilitengeneza wanasesere wa Hitler na wafuasi wake, wengine wakiwa na mkono uliotengenezwa ili uinuke kwa saluti, na watoto wakanunuliwa wanasesere hao. Levinthal aliwatumia wanasesere wa aina hiyo katika mfululizo wake wa Mein Kampf wa mwaka 1993 hadi 1994, akiwapiga kwa kamera kubwa ya Polaroid inayotoa picha ya inchi 20 kwa 24. Uovu ulikwisha kuingia katika kapu la michezo miaka 60 kabla yake. Waliowatengeneza walijua vizuri ni nani anayempa mwanasesere uhai, na walimtaka mtoto aanze kuutoa mapema.

Basi kipimo ni kile mpiga picha anachoufanyia moyo wa mwenzake katika ile nukta unapoamini. Anaweza kuuzoesha ukatili, na anaweza kuufungua. Katika Sura ya An-Naml, Nabii Suleiman anapita na majeshi yake kwenye bonde la chungu, na chungu mmoja anawahimiza wenzake waingie majumbani wasije wakapondwa na watu wasiojua. Suleiman anayasikia maneno yake, anatabasamu, kisha anamwomba Mola wake amwezeshe kushukuru. Mfalme mwenye jeshi la majini, watu na ndege anashushwa mpaka kiwango cha sauti ya mdudu, na hapo ndipo shukrani inapomjia.

Msanii wa Uingereza anayejiita Slinkachu amefanya jambo la jamii hiyo katika mitaa ya London tangu 2006. Huchukua watu wadogo wa kupamba reli za treni za kuchezea, wenye urefu wa sentimita 2 hivi, akawabadilisha kwa kisu na rangi, akawapiga picha wakiwa kando ya dimbwi, ukingo wa barabara au kitako cha sigara, kisha akawaacha pale pale. Kila tukio hulipa picha mbili. Katika ya kwanza lenzi iko chini kabisa, na yule mtu ana uzito, ana upweke, ana nyumba ya kurudi. Katika ya pili kamera imerudi nyuma, barabara imejaa viatu na magurudumu, na mtazamaji hutafuta kwa muda mrefu kabla ya kumwona tena. Umbali umebadilika tu, na huruma nayo ikabadilika. Picha moja peke yake isingetosha. Zikiwa mbili, mtazamaji hujua kwamba yeye ndiye aliyemjali yule mtu na yeye ndiye aliyempoteza.

Mmarekani Brian McCarty amelichukulia hilo kwa uzito kuliko wengi. Tangu 2011, katika mradi aliouita War-Toys, amefanya kazi Gaza, Ukingo wa Magharibi na Israeli, na baadaye pamoja na watoto waliokimbia vita vya Syria. Haanzi na kamera. Watoto huketi na wataalamu wa tiba kwa njia ya sanaa, wakachora waliyoyaona au wanayoyaogopa. Kisha McCarty huenda kwenye maduka ya eneo hilo kununua wanasesere wanaouzwa kwa watoto wa hapo, na huwapanga mahali penyewe au karibu na pale mambo yalipotokea, kwa kufuata mchoro. Ndege ya plastiki hushikwa karibu na lenzi ili ionekane kubwa juu ya majengo ya kweli. Mtoto aliyeshindwa kusema amesema kwa penseli, na mtu mzima akachukua kazi ya kubeba sanamu kwa niaba yake, bila kuongeza mauaji ambayo mtoto hakuyachora na bila kuyapunguza ili mtazamaji apate nafuu. Katika kitabu chake na katika maonyesho, mchoro huwekwa pamoja na picha, nyumba zake zimepinda na damu yake ni ya rangi nyekundu ya kalamu. Yeyote anayetaka kumkagua mbebaji anaweza kuvilinganisha viwili hivyo, mstari kwa mstari.